Nilichosikia Jumatano Ile

Kamukuywa, Bungoma
2 Agosti 1993

Baba Haidari,

Pokea salamu zangu wewe na Mama Muhiba, na majirani wote wa Makongeni wanaonikumbuka. Sisi huku tuna afya. Raha ndiyo hatuna.

Mwezi wa nne, kabla sijahama Nairobi, ulikuwepo watu wa shirika la misaada walipokuja. Walinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe wakaniambia kwamba kambi ya Akolit, huko kusini mwa Sudan, imevamiwa, na kwamba wafanyakazi walikimbia kwa miguu. Waliofika wamehesabiwa. Mume wangu Wafula, mwendesha redio wao, hamo katika hesabu hiyo. Nikawauliza kama maana yake ni kwamba amekufa. Wakasema fomu inasema "hajulikani alipo", na wao wanasema inavyosema fomu.

Sasa Nabiswa, mdogo wake Wafula, ameita kikao cha ukoo. Wanasema mtu aliyepotea hawezi kuachwa hivi hivi, ni lazima alazwe. Watakata mgomba, wauvishe nguo yake, wauzike mahali pake kama vile ni yeye. Siku waliyochagua ni Jumamosi tarehe 18 Septemba. Mama mkwe hajasema ndiyo wala la. Tangu mwezi wa nne hasemi kitu, analima tu.

Wanataka koti la Wafula, na koti hilo ninalo mimi. Wameniomba mara mbili kwa upole. Mara ya tatu sidhani kama watakuwa wapole.

Wewe ndiye uliyemfundisha Wafula Morse tulipokuwa jirani zako, na kila Jumatano jioni alikuwa akikuita kutoka kambini. Nakuomba uniambie jambo moja. Je, umemsikia? Mwenzako yeyote amemsikia? Nikitoa koti nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mjane, na Nekesa hana baba.

Ni mimi binti yako,
Everline


Makongeni, Nairobi
12 Agosti 1993

Binti yangu Everline,

Barua yako ilifika jana. Muhiba alinisomea kwa sababu miwani yangu iliingia ukungu. Ukimuuliza yeye atakwambia ni machozi. Mwanamke huyu hajui kutunza siri.

Jibu lako ni hapana. Sijamsikia tangu Jumatano ya tarehe 31 Machi. Kila Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni nakaa kwenye redio, Muhiba anazima jiko la stovu lisivume, na nasikiliza mpaka shingo inauma. Wajapani nawasikia. Warusi nawasikia. Kuna padri mmoja wa Zambia anayegonga Morse kama anakimbizwa na nyuki, naye namsikia. Wafula simsikii.

Lakini si mimi peke yangu ninayesikiliza, na hilo nataka ulielewe. Sisi watu wa redio ya ridhaa tuko wanne: mimi hapa, Maingi wa Buruburu, Burale wa Eastleigh, na Matheka kule Machakos. Hakuna mtu awezaye kuyasikiliza masafa yote peke yake. Kwa hiyo kila mmoja ana redio ndogo ya mkono, na anayenasa kituo cha mbali anawaambia wenzake papo hapo ni nani, yuko masafa gani, na anasikika vipi. Kabla dakika haijaisha sote wanne tuko hapo. Maingi, ambaye ana mtambo mkubwa, huitangaza habari hiyo mbali zaidi, na wa Kampala humwambia wa Roma, hata baada ya dakika tano kuna mtu Ulaya ameacha chakula chake mezani na kukimbilia redio. Kituo kama cha Wafula ni adimu sana. Wapo watu duniani waliomtafuta miaka miwili ili waseme tu kwamba waliwahi kumsikia.

Kazi hii ina sheria moja, na mimi ndiye niliyewawekea wenzangu. Unataja ulichosikia kwa masikio yako, basi. Herufi tatu zikikupita, unasema zimenipita herufi tatu. Miaka thelathini nilipokea simu za Morse za reli. Pale ukikisia namba ya treni, treni mbili hukutana uso kwa uso. Burale aliwahi kutaja kituo kwa kukisia, nikamfokea hewani mpaka akanisusia mwezi mzima.

Kuna jambo moja la kunitia aibu. Valvu ya mtambo wangu wa kurushia iliungua Februari, na mtu aliyeniahidi nyingine bado ananiahidi. Kwa hiyo nasikia, ila siwezi kujibu.

Kuhusu koti siwezi kukuamulia, mwanangu. Nitasikiliza.

Mzee wako,
Haidari


Makongeni, Nairobi
9 Septemba 1993

Everline,

Yuko hai.

Barua hii nimempa Okoth, dereva wa basi la Bungoma, akukabidhi mkononi, maana posta itachelewa na nyinyi mtakuwa mmekwisha kuzika mgomba.

Jana Jumatano, saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili, nilisikia mtu akigonga jina langu. HAIDARI MAKONGENI. Akarudia. HAIDARI MAKONGENI. Sauti ilikuwa ndogo, inakuja na kuondoka, lakini mkono ulikuwa wa Wafula. Unajua, kila mtu hugonga Morse kwa namna yake, na anayemjua humtambua kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa mbali barabarani. Wafula huvuta kistari cha mwisho cha herufi M kupita kiasi. Nilimgombeza miezi mitatu aache, hakuacha. Jana kile kistari kilivutwa vile vile. Nilisimama nikapiga kelele ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mimi mtu wa miaka sitini na sita.

Niliwaambia wenzangu hapo hapo. Maingi akatangaza na akamwita, na ndani ya dakika chache dunia nzima ilikuwa inamwita, Waitaliano, Wajapani, kila mtu, mmoja juu ya mwingine. Yeye akazama chini yao nisimsikie tena. Haidhuru. Ataita Jumatano nyingine.

Waambie wasizike kitu. Mwambie mama yake kwamba nimesema mimi.

Haidari


Kamukuywa
16 Septemba 1993

Baba,

Okoth alishuka mwenyewe kwenye basi, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akanipata kwenye shamba la mahindi. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini katikati ya mistari. Nekesa alidhani nimeumwa na nyoka.

Mama amenirudishia mkononi niisome mara tatu. Mara ya tatu alimwita Nabiswa kwa mkono, asimame asikilize. Nabiswa alikuwa ameshachagua mgomba na kuukata, eti uanze kukauka kidogo. Mama aliuburuta ule mgomba mwenyewe mpaka zizini, akaukatakata kwa panga na kuwapa ng'ombe. Halafu akaja jikoni akauliza kama tuna chumvi. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema kwa miezi mitano.

Nabiswa amenuna. Anasema wageni walikwisha kualikwa. Anauliza nukta na vistari vinawezaje kuwa mtu. Nimemwambia akuulize wewe, uliyekuwa ukipitisha treni Mombasa hadi Kampala kwa hizo nukta na vistari.

Niambie zaidi, tafadhali. Alikuwa anasikika mgonjwa? Je, Morse inaweza kuonyesha kwamba mtu ana homa, au njaa? Na ukimsikia tena, kama Maingi ataweza, amwambie Nekesa ameanza shule na anaandika jina lake lote.

Mungu akubariki, Baba. Sijui neno la kukushukuru kwalo.

Everline


Makongeni, Nairobi
28 Oktoba 1993

Binti yangu,

Nimemsikia tena mara mbili, tarehe 22 Septemba na tarehe 13 mwezi huu. Mara zote mbili aligonga jina langu, na kabla hajaanza la kwake wale watu wa mbali wakamvamia. Sasa wanaijua siku na wanaijua saa. Nimemwambia Maingi asitangaze tena, lakini habari ikishatoka haina wa kuirudisha. Jana Jumatano sikusikia kitu.

Umeuliza kuhusu homa. Morse haionyeshi homa, ila huonyesha uchovu. Naona anagonga polepole kuliko zamani, na kwa kidole chepesi. Nadhani amechoka sana, na nani asingechoka.

Nimefanya jambo ambalo ni desturi yetu. Ukisikia kituo cha mbali unakitumia kadi, unaandika tarehe, saa na ulichosikia, na mwenye kituo anakurudishia yake kuthibitisha kwamba ni kweli, alikuwa yeye. Taarifa yetu ya hewani huenda kwa dakika moja. Kadi huchukua miezi. Nimeipeleka kadi ya Wafula katika ofisi ya shirika lake, waitume na ndege zinazotoka Lokichoggio kwenda makambini. Nimeandika kwamba wewe na mama mnamngoja.

Muhiba anakusalimu na kukutumia kanga mbili. Anasema uniambie nipunguze kukaa kwenye redio, ninakonda.

Haidari


Kamukuywa
8 Novemba 1993

Baba,

Kanga nimepata, ahsante kwa Mama Muhiba. Barua pia nimepata.

Mama hajambo. Anahesabu Jumatano. Amemwagiza Nekesa aweke kijiti ukutani kila Jumatano ikipita.

Mimi sina la kuongeza. Usijali kama sitaandika mara kwa mara, kazi ni nyingi.

Everline


Kamukuywa
24 Januari 1994

Baba Haidari,

Mama ametutoka. Ilikuwa Jumamosi tarehe 15. Kifua kilimbana siku nne, na hospitali alikataa kwenda kwa sababu Wafula angefika asimkute nyumbani.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Kwao hapa mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hutangulia kutupa udongo. Mchungaji alipomaliza, kila mtu alimtazama Nabiswa, na Nabiswa akanitazama mimi. Mama alikuwa amekwisha kumwambia mbele yetu sote kwamba asithubutu, mwenye udongo huo yuko njiani. Kwa hiyo tulisimama. Sijui tulisimama muda gani. Mwishowe wachimba kaburi walijaza tu kwa majembe, kama wanaofukia shimo la takataka, na hapakuwa na mtoto aliyemtupia mama huyo udongo kwa mkono wake. Nabiswa aliondoka kabla kaburi halijajaa.

Alikufa akiwa na furaha, Baba. Hilo nakuandikia kwa sababu ni kweli. Mengine siwezi kuyaandika.

Everline


Lokichoggio
3 Machi 1994

Kwa Mzee Haidari, Makongeni,

Hunijui. Mimi naitwa Triza Opicho, muuguzi, kwetu ni Funyula huko Busia. Kadi yako ya Oktoba ilizunguka kambi tatu, na imenifikia wiki hii. Iliandikwa jina la Wafula, lakini kwa kuwa ni kadi ya redio, na aliyekuwa kwenye redio siku ulizozitaja ni mimi, wameniletea mimi.

Mzee, nimeisoma nikiwa nimesimama kisha nikaketi. Nilifikiri mnajua.

Kambi ilipovamiwa tulikimbia watu kumi na wanne. Wafula alibeba redio na mimi nikabeba betri. Alikuwa na jeraha la risasi pajani, akasema ni mkwaruzo. Siku ya nne hakuweza kusimama tena. Alifariki tarehe 11 Aprili alfajiri, na tulimzika hapo hapo kando ya njia, mimi na wanaume wawili, kwa jembe tuliloazima kwa wachungaji. Nilimsomea Zaburi niliyoikumbuka nusu. Tulipofika nilimweleza mkubwa wetu, akaandika, halafu mwezi wa tano akahamishwa, na mimi nikapelekwa kambi nyingine. Nilidhani karatasi zilifika kwa mke wake.

Lakini Wafula aliniachia maagizo. Alisema, "Karatasi hupotea. Ukipata umeme, Jumatano saa kumi na mbili na nusu mwite mzee wangu. Yeye atajua namna ya kumwambia Everline." Alikuwa amenifundisha Morse miezi minane, ili awepo mtu wa kushika zamu akiugua. Naomba mke wake asilielewe hilo vingine, hakukuwa na kingine. Alinifundisha kama ulivyomfundisha wewe, hata zile kasoro zake nilizichukua bila kujua. Wenzangu walikuwa wakicheka wakisema hawatujui nani ni nani.

Septemba nilipata betri yenye nguvu. Nilikuita. Nilikuita mara mbili ili nihakikishe uko tayari na kalamu, kwa sababu ujumbe wenyewe nilikuwa nimeuandika, maneno thelathini na moja, na sikutaka kuurudia. Nilipotaka kuanza, mara wakaja watu. Sijui walitoka wapi, Mzee. Mamia. Wote walikuwa wanaita kwa anwani ya hewani ya Wafula. Nilidhani nimeingia wazimu. Niligonga ujumbe wote hata hivyo, mpaka mwisho, huku nikilia, na sikuweza kujua kama kuna aliyesikia. Nilijaribu tena mara mbili, ikawa hivyo hivyo. Halafu betri ikafa.

Sasa nasoma kwenye kadi yako: "Tumefurahi sote. Mama yako amerudi kusema."

Nisamehe. Sijui nimekosa nini, lakini nisamehe.

Triza Opicho


Makongeni, Nairobi
21 Machi 1994

Everline, binti yangu,

Soma kwanza barua niliyoiweka humu ndani, ya Triza Opicho. Ukae chini kwanza, na Nekesa asiwepo. Halafu urudi kwenye hii.

Wafula amefariki. Amefariki tangu tarehe 11 Aprili mwaka jana. Siku niliyokuandikia "yuko hai" alikuwa na miezi mitano kaburini.

Barua hiyo ilinifikia siku tisa zilizopita. Siku tisa nimekaa nayo. Mara nasema nikuandikie Triza amekosea, mara nasema ninyamaze, mambo yaishe yenyewe. Muhiba aliona sili, akaniuliza, nikamwambia. Akasema, "Haidari, uliwahi kuupeleka uongo kwa basi. Ukweli unaupeleka kwa konokono?" Tangu hapo hajanisemesha, na ana haki.

Nataka ujue lote, kwa sababu lipo ambalo sikuliandika Septemba. Nilipopiga kelele kwenye redio ya mkono kwamba ni Wafula, Maingi aliniuliza. Maneno yake nayakumbuka yalivyo. Alisema, "Mzee, uko shua? Amejitaja jina, ama ni wewe unasema?" Hilo ndilo swali ninalowauliza wao kila siku. Na jibu lilikuwa hapana. Nilikuwa nimesikia jina langu mara mbili, basi. Jina la mwenye kuita sikulisikia. Nikamjibu Maingi, "Wewe unanifundisha mkono wa mwanafunzi wangu?" Kwa kuniheshimu akatangaza.

Nilikuwa nimechoka kusikiliza bila kusikia, Everline. Nilitaka awe yeye. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine ya kujisetiri nayo.

Na kibaya kuliko vyote ni hiki. Umesoma alivyoandika Triza. Alikuwa na maneno thelathini na moja ya kuniambia, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Ningenyamaza dakika tatu tu ningeyapata yote. Lakini nilifungua mdomo nikamtaja, Maingi akatangaza kwa kuniamini, na dunia ikaja kumfunika. Ni mimi niliyewaita watu wale. Mtu alikuja kunipa habari ya msiba, nami nikampigia kelele mpaka asisikike, kisha nikakuandikia wewe ushangilie.

Oktoba nilipokuandikia kwamba anagonga kwa kidole chepesi, moyo wangu ulishakuwa na wasiwasi. Mtu haubadilishi uzito wa kidole chake. Nikajiambia ni uchovu.

Mama yenu alikataa hospitali kwa ajili ya barua yangu. Kaburi lake halikupata udongo wa mtoto kwa ajili ya barua yangu. Haya nayaandika ili usidhani siyaoni.

Siombi unisamehe kwa barua. Niambie unavyotaka nifanye.

Haidari


Kamukuywa
30 Machi 1994

Mzee Haidari,

Mimi ni Nabiswa. Shemeji amenipa barua zote mbili nikasoma. Yeye haandiki sasa.

Nilisema tangu mwanzo kwamba nukta si mtu. Nikaitwa mroho wa mashamba. Mama yangu alikufa haongei na mimi, kwa sababu yako. Siku ya mazishi yake nilisimama mbele ya watu kama mtoto wa kuokota, kwa sababu yako. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Tutamlaza kaka Jumamosi tarehe 16 Aprili. Tutatumia mgomba kama ilivyokuwa itumike. Wazee wanasema kila aliyeleta habari ya marehemu asimame aieleze. Wewe ulileta habari. Utakuja mwenyewe, utasimama mbele ya ukoo, utasema ulichosikia na ambacho hukusikia. Usitume barua.

Ukija utapewa chakula na mahali pa kulala. Hatuna ubaya na mtu wa umri wako. Lakini utasimama.

Nabiswa


Kamukuywa
25 Aprili 1994

Baba Haidari,

Natumaini ulifika Makongeni salama, na kwamba miguu imepungua kuvimba. Mama Muhiba asikasirike kwamba tulikuchelewesha siku mbili. Nabiswa mwenyewe ndiye aliyekataa uondoke na mvua.

Watu bado wanakuzungumza. Wanasema hawajawahi kuona mzee akisimama mbele ya ukoo usio wake na kuomba kiti kiondolewe. Ulipofika pale uliposema, "Nilisikia jina langu tu, mengine niliyaongeza," nilimtazama Nabiswa, na nilimwona anafuta uso kwa kofia. Baada ya wewe kuondoka alikwenda kwenye kaburi la mama akatupa udongo juu, peke yake, bila kumwita mtu. Nilimwona kutoka jikoni. Sijamwambia kwamba nilimwona.

Koti nililitoa mimi mwenyewe, nikalifunga vifungo kwa mkono wangu. Nekesa aliuliza kama baba ni mti. Nilimwambia baba yuko mbali, amelala, na Mama Triza alimsomea Zaburi. Akaniuliza Zaburi gani, nikasema ile anayoikumbuka nusu. Triza nimemwandikia. Nimemshukuru kwa jembe la kuazima. Kuhusu yeye na Wafula sikuwaza vibaya hata mara moja, na ukipata nafasi umwambie hivyo.

Ulitaka kujua kama nimekusamehe. Uliniuliza siku ile kwenye lango na sikujibu, nikasema basi linakuja. Nakujibu sasa.

Mwezi wa kumi mwaka jana, siku tatu kabla barua yako ya Oktoba haijafika, shirika lilinitumia mfuko. Ulikuja na mtu wa posta ya Kimilili, nikatia sahihi. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha Wafula, na pete yake, ile ambayo kidole kilikuwa kimenenepa juu yake asiweze kuivua. Kwenye kamba ya mfuko palifungwa kikaratasi kilichopigwa chapa: mali ya marehemu.

Nilikirarua kile kikaratasi nikakitia motoni. Mfuko nikauficha ndani ya pipa la mahindi. Nikajiambia ni makosa ya karani, watu hawa walikwisha kukosea mara moja, na Mzee Haidari amemsikia kwa masikio yake. Usiku nilikuwa naivaa ile pete kwenye kidole gumba, na asubuhi nairudisha. Mama alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, anahesabu Jumatano. Ningemwonyesha mfuko, angelia, angemzika mtoto wake, na labda Januari angekubali kwenda hospitali. Nilimwacha ahesabu.

Wewe ulisimama mbele ya watu mia mbili ukasema la kwako. Mimi nilikaa pembeni nimevaa nguo nyeusi, wanawake wakinishika mabega, na nikakuacha ulibebe peke yako. Nabiswa nitamwambia. Nimetaka uwe wa kwanza kujua.

Tena nimezisoma barua zangu ulizoniletea. Nilikuuliza kama alisikika mgonjwa. Nilikuuliza kuhusu homa na njaa. Nilikutuma umwambie habari za Nekesa. Lile swali moja alilokuuliza Maingi, kama amejitaja jina, halimo katika barua yangu hata moja. Si kwamba sikulifikiria, Baba. Nililifikiria tangu jioni ile niliposoma barua yako shambani, na baada ya mfuko kuja nililifikiria kila siku. Stempu nilikuwa nayo, kalamu nilikuwa nayo.

Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungenijibu kweli.

Binti yako,
Everline